Pango la Marekani halikukata dozi Moshi

Mhariri,

Mara ya mwisho niliwaandikia kuhusu taa za mtaani kwetu. Hazijawaka mpaka leo, nami nikaacha kuandika. Nimerudi kwa sababu ya ile makala yenu ya bakteria wa pangoni, na kwa sababu ya jirani yangu aliyeisoma akaielewa kinyumenyume.

Makala yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kweli, ndani ya pango la Lechuguilla, jimbo la New Mexico, wapo bakteria waliojitenga na dunia yetu kwa zaidi ya miaka milioni 4, na mmoja wao, aliyepewa jina LC231, anahimili sehemu kubwa ya dawa za hospitali za kuua bakteria. Watafiti waliochapisha habari zake mwaka 2016 walimkuta na jeni 18 za usugu, yaani za kumfanya asiuawe na dawa, nyingine hazifanani na yoyote iliyokuwa ikijulikana. Nilifundisha baiolojia miaka 31, sikushtuka. Ukungu na bakteria wa udongoni wanatupiana sumu, zilezile tunazozifanya dawa, tangu binadamu hajakuwapo. Mwenye sumu yupo na mwenye kinga yupo. Kimeng'enya, yaani protini ya bakteria, kinachoharibu penisilini kiliripotiwa na wanasayansi Abraham na Chain mwaka 1940, wakati penisilini yenyewe bado haijaingia wodini.

Ugomvi wangu ni kwamba mlituingiza pangoni mkatuacha humo humo. Matokeo yake jirani ananiambia ukutani, huku anafua: "Si unaona, Mwalimu? Hao vijidudu ni sugu tangu enzi za Nuhu. Sasa mnatulaumu sisi kwa vidonge viwili vitatu?"

Ngoja niwaeleze hivyo vidonge viwili vitatu. Mwaka jana mzee wangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume akarudi nyumbani na mpira wa mkojo. Mkojo ukaanza kumchoma, naye kama walivyo wanaume wa umri wake, hakusema. Alikuwa akimtuma mjukuu dukani na elfu moja. Muuzaji haulizi cheti wala haulizi mgonjwa ni nani. Anachukua mkasi, anakata kipande cha amoksilini, anakitia kwenye bahasha ya kaki, anaandika 1x3, basi. Mzee akipata nafuu siku ya pili, bahasha inaingia kwenye mtoto wa meza na mambo yanaisha mpaka mwezi ujao. Tulipompeleka hospitali alikuwa anatetemeka hata kitanda kinalia. Mkojo ukaoteshwa maabara kuona dawa ipi inamuua mdudu wake, tukasubiri siku tatu, karatasi ya majibu ikatoka na safu ya majina ya dawa na kando yake herufi moja ileile: R, R, R, maana yake mdudu ni sugu kwa dawa hiyo. Amoksilini R, siprofloksasini R, hata seftriaksoni ambayo wengi tunaiona ndiyo baba lao, R. Daktari kijana akanieleza kwa adabu kitu nilichokuwa nikikifundisha ubaoni: dawa za ukoo wa penisilini zina pete ndogo ya pembe nne, nguvu yake yote iko hapo, na mdudu huyu anatengeneza kimeng'enya kinachoipasua pete hiyo. Kinachobaki ni jina la dawa. Ikabaki meropenemu, sindano mara tatu kwa siku, siku 10. Tuliuza ndama na bado tukadaiwa.

Mdudu huyo hakuja na ndege kutoka New Mexico. Yule wa pangoni hata hamletei mtu ugonjwa. Wa mzee wangu ni E. koli, aina tunayoishi nayo tumboni sote, ila jeni ya kimeng'enya aliipata kwa wenzake, maana bakteria hupitishiana jeni hizo kama wanafunzi wanavyopitishiana majibu ya mtihani, dawati hadi dawati. Nusu dozi ni msimamizi anayewatoa nje wasio na jibu na kuwaachia chumba wenye nalo. Mngeandika hivyo tu, sentensi moja, mngeniokolea karatasi hii.

Mzee aliporuhusiwa nilifungua mtoto wa meza. Bahasha saba. Jirani alikuwa amekuja kumpa pole, kaleta na chupa ya maziwa, akaziona. "Usitupe, Mwalimu, nipe mimi. Vifaranga wangu wanaharisha."

Hapo ndipo nilipojua kinachoendelea nyuma ya ukuta. Kuku wanapewa oksitetrasaiklini, nayo ni dawa ya kuua bakteria, kwenye maji ya kunywa, mmoja akikohoa wote wanakunywa, na mayai ya asubuhi hiyo yanapanda bodaboda kwenda soko la Mbuyuni. Dawa ina siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, zimeandikwa kwenye pakiti. Pakiti yenyewe nimeiona imeziba tundu la banda. Mbolea inakwenda kwenye mchicha, na mchicha huo tunanunua sisi. Sizungumzii jogoo wake anayewika saa nane usiku, hiyo ni barua nyingine.

Wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa dawa ipo kila Novemba, tarehe 18 hadi 24. Fulana zigawiwe, hotuba zitolewe, mimi sina neno. Ila naomba kitu kimoja kifanyike kabla ya fulana: mikasi iondolewe kwenye kaunta za maduka ya dawa, yote, ikabidhiwe kwa mafundi cherehani wanaoihitaji. Asiye na hela ya dozi nzima akopeshwe kwenye daftari, kama mangi anavyotukopesha sukari. Mtasema wapo wanaouza kutoka kwenye kopo, hawahitaji mkasi. Nimelifikiria. Na kijiko cha kuhesabia nacho kiende.

Jirani sikumpa zile bahasha. Nilizirudisha dukani zikateketezwe, na muuzaji akaniuliza kama nataka kubadilishiwa.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi