Mpira ndani ya pipa la kufulia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi mafundi bomba wa Dar es Salaam tunalikuta mara kwa mara, nalo ni maji machafu kurudi katika bomba kuu kutoka majumbani mwetu.

Wengi huamini kuwa maji ya bomba huenda upande mmoja tu. Ni kweli, maadamu msukumo upo. Lakini siku ya mgao, vali ikishafungwa na maji yaliyosalia yakateremkia kwa wakazi wa bondeni, bomba hubaki likivuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, na mpira wa maji uliozamishwa katika pipa la kufulia au ndoo ya dawa ya bustani hunyonya kila kilichomo. Maji yakirejea, anayekinga mchanganyiko huo ni jirani. Wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye laini huzidisha hatari, kwa kuwa huvuta hata maji ya mtaroni kupitia nyufa za mabomba. Wapo pia waliounganisha kisima na laini hiyo hiyo, koki moja tu ikiwa katikati: niliwahi kuitwa kutafuta chanzo cha chumvi katika maji ya bomba, nikakikuta nyumba ya tatu.

Asiyeamini aangalie yaliyotokea mwaka 1969 katika chuo cha Holy Cross, Massachusetts, Marekani. Zimamoto walivuta maji mengi, msukumo ukashuka, na maji yaliyotuama kwenye mashimo ya vinyunyizio vya uwanja, walimochezea watoto wenye homa ya ini, yakaingia katika bomba walilonywea wachezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo hicho. Wachezaji na makocha wapatao 90 waliambukizwa, na msimu ukafutwa baada ya mechi 2.

Kinga ya kwanza haina gharama: mdomo wa bomba usiguse maji kamwe, bali uwe juu yake kwa angalau mara 2 ya kipenyo chake, na isipungue inchi 1. Kwenye simtanki, bomba la kuingiza liwe juu ya tundu la kufurikia. Vali ya kuzuia maji kurudi nayo inafaa, ingawa huchakaa na kukwama kwa mchanga, hivyo ikaguliwe.

Naziomba mamlaka za maji ziwaagize wakaguzi wao wasiishie kwenye mita, bali waingie uani waone mpira umeishia wapi, kabla ya kumfungulia maji mteja mpya.

Fundi bomba,
Tabata, Dar es Salaam