Mama, huku watu wanatembea juu ya ziwa

Madison, Wisconsin
Februari

Mama mpendwa, na nyote hapo nyumbani,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ni baridi tu ndio inatumaliza. Nimeskiza ile voisi noti ya Wambui akisema daktari wa presha amekuambia uwe unatembea kila siku na wewe ukamjibu ati "nitembee nikienda wapi?" Wacha nicheke kwanza. Alafu nikakaa nikafikiria na nikaona hilo swali lako lina maana kuliko vile Wambui anadhani, ndio nikaamua kukuandikia barua mzima, manake kwa simu utaniuliza kama nimekula na kama niko na sweta ya maana na hapo credo imeisha.

Huu mji wenyewe si mkubwa hivyo. Watu ni kama 270,000 tu, Nakuru yetu inaushinda mbali. Katikati ya mji ni kishingo chembamba cha ardhi kimebanwa na maziwa mawili, Mendota huku na Monona huku, na bunge la jimbo limekaa hapo katikati kabisa. Nilipokuja nilishangaa vile hawa watu hawatulii, asubuhi anakimbia, jioni baiskeli, wikendi anabeba mtumbwi juu ya gari, nikasema sawa, hawa hawana shamba la kulima ndio wanatafuta pa kutolea jasho. Lakini vile nimekaa nimeona si hivyo. Siri ni njia.

Kuna njia inapita karibu na ninapokaa, wanaiita Southwest Path, ilikuwa reli zamani wakang'oa wakaweka lami, na gari haikanyagi hapo hata kidogo isipokuwa pale inapokutana na barabara. Inapita nyuma ya nyumba za watu, unaona nguo zao, maua yao, mbwa wao. Saa ya jioni utapata mama anasukuma kigari cha mtoto huku anakimbia, wazee wa fimbo mbili mbili, wanafunzi, na baiskeli ikija nyuma mwenyewe anaita "kushoto kwako!" unasonga kidogo anapita, basi, hakuna kupigiwa honi wala boda kukupandia pale pa kutembea. Huko kazini kwetu, si unajua ni nyumba ya wazee, kuna mzee mmoja amepita miaka themanini na kila asubuhi lazima azunguke nje na mimi nikiwa kando yake, akikataliwa siku hiyo hakuna amani. Sasa huyo hana nguvu zaidi yako, mama. Ana tu mahali pa kuweka mguu.

Na usidhani winta inawafungia. Huku Desemba saa kumi na nusu jioni jua limeshatua, lakini sheria ya mji inasema theluji ikiacha kunyesha, mwenye nyumba anatoa ile iliyo kwa njia ya miguu mbele ya boma lake kabla ya saa sita mchana siku inayofuata, asipotoa anaweza kupigwa faini. Njia za baiskeli mji unatuma magari yake kuzifagia. Nilipoona mtu anaendesha baiskeli kwa baridi ya kushuka chini ya sifuri, ndevu zimeganda nyeupe, nilijua hapa nimefika kwa watu wengine.

Sasa ngoja nikuambie ya ziwa, najua hii utamsimulia Mama Shiro na hataamini. Mendota yote imeganda saa hii. Kina chake pale mwisho ni kama mita 25 na watu wako juu wanatembea, wengine wanateleza na viatu vya visu, watoto wanavuta sleji, kuna hata wenye wanaingiza pikapu. Rafiki yangu wa kazini alinivuta mkono nikakataa, nikaomba, nikaenda. Tukapata mzee amekaa juu ya ndoo amepindua, ametoboa barafu na kekee ndefu hivi, shimo la kutosha sufuria ndogo, ndani maji meusi tititi. Pembeni ameweka mashimo mengine na kila moja lina kibendera kimelazwa chini, samaki akivuta ndoano kibendera kinasimama chenyewe na mzee anaamka mbio vile hungedhani. Akatuonyesha barafu kwa lile shimo, imepita urefu wa mkono wangu kutoka kidole hadi kifundo, akasema kwa mtu wa miguu inchi nne zinatosha ingawa hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa. Hilo la mwisho angeniachia. Alafu ziwa likanguruma! Kweli mama, barafu ikijivuta kwa baridi inatoa sauti ndefu inakimbia chini ya miguu yako, wenyewe wanacheka tu, mimi nimeshika jaketi ya mwenzangu kama mtoto wa nasari.

Samaa nayo, ile miezi ya joto, ni maneno mengine, jua halitui hadi karibu saa tatu usiku, watu wanaogelea bure kwa fuo za mji, kuzunguka Monona na baiskeli ni kama kilomita 20 na hata mimi nimeizunguka, polepole. Lakini wasikudanganye ati kila kitu huku ni kisafi. Kukishika joto hayo maziwa yanageuka kijani kama rangi ya ukuta, yananuka, na wanabandika notisi hakuna kuogelea. Wanasema ni mbolea kutoka mashamba ya ng'ombe wa maziwa inaletwa na mvua. Nikakumbuka Njoro River na yote inayoingiza kwa ziwa letu.

Na hapo ndio nataka kufika. Sisi ziwa tunalo, lakini liko ndani ya fensi ya stima na kuingia ni kulipa. Silaumu, kifaru hawezi kuambiwa "kushoto kwako." Ila ukitoa hilo, tuko na vitu huku wangelilia. Hali ya hewa kwanza! Hapo uko mita 1,850 juu, hakuna joto la kuua wala theluji, mwaka mzima unaweza kutoka na leso tu. Menengai iko hapo nyuma ya mji, shimo la volkano la kilomita kama 12 kwa 8, mtu anapanda ndege kutoka huku kuja kuliona na Wambui anaishi chini yake na hajapanda tangu ile trip ya shule. Na Hyrax Hill je? Ni kilima kidogo, hakichoshi, pale juu unaona ziwa lote, na kuna bao la kuchezea limechongwa kwa mwamba na watu wa kitambo, si hao walikuwa wanapumzika nje kabla sisi tuambiwe na daktari.

Chenye hatuna ni hizo hatua za kutoka kwa geti hadi hapo. Najua ile barabara yetu, mtaro upande huu, matatu upande ule, jioni hakuna taa. Kwa hivyo Wambui aache kukuita mvivu. Na MCA, yule mwakilishi wa wadi, akija kuomba kura muulizeni njia ya miguu kabla ya ile ya lami, mimi ningekuwa hapo ningemuuliza.

Lakini presha haingojei MCA. Sikia vile nimefikiria. Wanashauri dakika 150 kwa wiki, hiyo ni nusu saa siku tano tu, mwendo wa kukufanya uhemee lakini bado unaweza kupiga stori. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa kumekucha na magari hayajajaa, pitia Mama Shiro, yeye mdomo wake utakusukuma kilomita mbili bila kujua, mzunguke ndani ndani ya mtaa hadi kanisani na kurudi, msiguse barabara kuu. Jumamosi Wambui awapeleke Hyrax Hill na chai kwa thamosi. Menengai baadaye, mkiwa kundi, na gari iwafikishe karibu na juu. Dawa usiache hata ukijisikia msichana. Na usinitajie Shosho wa Molo ati hajawahi kufanya mazoezi, Shosho anapanda ule mlima na debe la viazi kila siku, hebu mwachie hiyo.

Kitu kimoja tu: usitembee na hizo sandals. Weka mguu juu ya karatasi jioni, sio asubuhi, manake jioni ndio umevimba, Wambui auchore na kalamu, yote miwili, apime na rula anitumie picha. Kuna mtu wa kanisa anasafiri kuja Pasaka na ana nafasi kwa mzigo, raba zako zitakuja na yeye. Niambie pia rangi, na usiseme nyeusi.

Msalimie baba, na mumkumbushe aniwekee ule mparachichi.

Ni mimi wako,
Nyambura