Bingwa wa BSB hajashuka kiwango, kabadilishiwa pikipiki

Mhariri,

Kila bingwa wa superbike (mbio za pikipiki kubwa zilizotokana na za dukani) wa Uingereza anapopanda kwenda mashindano ya dunia ya superbike na kuishia nafasi ya kumi na ngapi, kurasa za michezo hukimbilia kuandika kwamba kiwango kimemshinda. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Pikipiki aliyoiacha na hii aliyokabidhiwa zinaweza kuwa na nembo moja kwenye tangi, ila haziendeshwi kwa namna moja.

Tofauti iko kwenye kompyuta ya injini. Tangu 2012, pikipiki zote za ligi ya Uingereza, BSB, hufungwa kompyuta ya aina moja ya MoTeC, isiyo na mfumo wa kuzuia tairi la nyuma kuteleza, wala wa kuzuia la mbele kunyanyuka, wala wa kusaidia kuondoka mstarini. Injini ina nguvu farasi zaidi ya 200, na kazi yote ya kuzituliza imeachiwa mkono wa kulia wa dereva. Kwa hiyo anajifunza jambo moja mpaka linaingia damuni: akitoka kwenye kona, anaiinua pikipiki kwanza ndipo anavuta mafuta. Akivuta mengi ikiwa bado imelala, tairi la nyuma linateleza, kisha linashika ghafla na kumrusha juu ya usukani.

Kwenye mbio za dunia mifumo hiyo inaruhusiwa. Madereva wa huko hufungua eksileta mapema, pikipiki ikiwa bado imelala, wakaiachia kompyuta ikate nguvu kidogo kidogo. Aliyetoka BSB haiamini. Anapunguza mafuta kwa mkono, kompyuta nayo inapunguza, nguvu zinakatwa mara mbili. Anatoka konani mzito, na upungufu huo anaubeba mpaka mwisho wa njia iliyonyooka. Hapo ndipo linapokuja kosa la pili: anataka kufidia kwa kuchelewa kushika breki. Tairi la mbele linazidiwa, pikipiki inapitiliza mstari wake, na anachelewa zaidi kuvuta mafuta. Mkitazama mbio kwa makini mtaliona hilo konani kabla hamjaliona kwenye saa.

Mipangilio ya mifumo hii hufanywa kona kwa kona, pamoja na kiasi ambacho injini inasaidia breki gia zinaposhushwa. Inahitaji fundi wa data na kumbukumbu za misimu iliyopita. Timu ya kiwanda, yaani ya watengenezaji wenyewe wa pikipiki, inavyo vyote viwili; timu ndogo mara nyingi inaanza upya. Josh Brookes, bingwa wa 2015, alipanda 2016 na timu iliyokuwa inapanda pamoja naye, tena ikitoka Yamaha kwenda BMW. Dereva mpya, timu mpya, pikipiki mpya, kompyuta mpya, vyote siku moja. Bradley Ray, bingwa wa 2022, alikwenda timu binafsi ya Yamaha. Wote wawili walirudi BSB, na sioni aibu hapo.

Muda nao ni mchache. Ijumaa kuna vipindi viwili vya mazoezi vya dakika 45. Ukitoa muda wa kuingia kwa mafundi, mgeni anabaki na mizunguko kama 20 kwa kipindi kuusoma, kwa mfano, uwanja wa Portimão, Ureno, wenye kilomita 4.592 za milima na mabonde ambako kona nyingine huzioni mpaka umeifikia. Kisha Superpole, kipindi cha kupanga nafasi za kuanzia mbio, ambako hutumika tairi la nyuma laini kabisa, lenye mshiko wa muda mfupi. Akikosea hapo, Jumamosi anaanzia nyuma; Jumapili pia anaanzia nyuma mbio fupi ya mizunguko 10, na ni tisa wa kwanza tu wa mbio hiyo wanaopata safu tatu za mbele kwenye mbio ya mwisho.

Mtasema wapo waliofaulu. Kweli, lakini tazameni miaka. Troy Bayliss, Neil Hodgson, Tom Sykes na Jonathan Rea walipitia BSB wakawa mabingwa wa dunia, na wote waliihama kabla ya 2012. Shane Byrne alishinda mbio zote mbili za dunia pale Brands Hatch, Uingereza, mwaka 2003 akiwa mwalikwa tu. Rea, tena, alipita kwanza Supersport, daraja lililo chini ya superbike, mwaka 2008, akavijua viwanja kwa pikipiki ya cc 600 kabla ya kupewa ya cc 1000. Scott Redding alitwaa BSB 2019 na mwaka uliofuata akawa wa pili duniani, lakini kabla ya BSB alikuwa ametoka MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki, ambako kompyuta ni chakula cha kila siku, na alipewa Ducati ya kiwanda.

Ombi langu ni kuhusu namna ya kuripoti. Andikeni pengo la sekunde kati yake na mwenzake wa timu hiyohiyo. Andikeni nafasi yake ya Superpole. Matokeo ya Donington na Assen, viwanja anavyovijua kutoka BSB, yatenganisheni na ya viwanja vigeni. Akiwa karibu na mwenzake Donington halafu akaachwa mbali Portimão, tatizo ni uwanja. Akiachwa kote, tena palepale kwenye kutoka konani, ulizeni nani anamsomea data.

Mfuatiliaji wa mbio za pikipiki,
Tanga