Ahadi ya kupandishwa chumba hotelini iamuliwe kabla mgeni hajafika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie ahadi ambayo kampuni kubwa za hoteli huwapa wanachama wa mipango yao ya uaminifu, kwamba wakifika watapewa chumba bora kuliko kile walichokilipia, iwapo kipo. Nilifanya kazi ya mapokezi ya hoteli kwa miaka mingi, na tangu nilipoiacha nimekuwa nikisafiri nikiwa mwanachama wa mipango ya aina hiyo, kwa hiyo jambo hili nimeliona nikiwa pande zote mbili za kaunta. Rai yangu ni kwamba uamuzi wa nani apandishwe chumba usiachiwe mhudumu mmoja aufanye papo kwa papo huku mgeni amesimama mbele yake na mizigo. Ufanywe mapema, kwa utaratibu uliotangazwa, na mgeni apewe jibu lake kabla hajaondoka kwake.

Ahadi hizi zina historia ndefu. Mashirika ya ndege ya Marekani yalitangulia, American Airlines ikianzisha mpango wake mwaka 1981, na mwaka 1983 Marriott na Holiday Inn wakafuata kwa upande wa hoteli. Msingi wake ulikuwa rahisi: ukilala unapata pointi, na pointi zikifika kiasi fulani unalala bure. Ngazi za uanachama ndizo zilizoongeza uzito wa jambo hili, kwa sababu zinamtaka mteja ajifunge kwa mwaka mzima. Leo Marriott humtaka mtu alale usiku 50 kwa mwaka ili afike ngazi ya Platinum, Hyatt usiku 60 ili awe Globalist, na IHG, kampuni yenye jina la Holiday Inn, usiku 70 ili awe Diamond. Anayefikisha hesabu hiyo kwa kulala kweli ni mtu ambaye mara nyingi ameacha hoteli iliyo karibu zaidi na shughuli zake, au iliyo nafuu zaidi, ili hesabu yake isikatike. Kufikia Desemba yeye ameshatimiza upande wake wa makubaliano kikamilifu, na kila usiku umeandikwa. Upande wa hoteli unabaki kutegemea kama chumba kitakuwepo, na anayesema kipo au hakipo ni hoteli yenyewe, bila mtu mwingine wa kuthibitisha.

Wasomaji wengi huenda hawajui kwamba anayetoa ahadi na anayeigharimia kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Sehemu kubwa ya hoteli zenye majina ya Marriott, Hilton au IHG si mali ya kampuni hizo. Zina wamiliki wao, wanaolipia haki ya kutumia jina na mfumo wa kuweka nafasi, na ambao pia hutoa mchango kwa mpango wa uaminifu kutokana na kile anacholipa mwanachama anapolala kwao. Kampuni yenye jina ndiyo inayotangaza, ndiyo inayochapisha picha ya chumba chenye sebule na dirisha kubwa, na ndiyo inayovuna shukrani. Mmiliki ndiye anayelipa mshahara wa msafishaji ambaye chumba hicho humchukua muda mrefu zaidi kuliko chumba cha kawaida, ndiye anayenunua zulia jipya likichakaa, na ndiye anayepoteza fedha ikiwa mgeni mwingine angekinunua chumba hicho saa tatu usiku. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba awape wanachama vyumba vyake bora pale tu vinapopatikana, umempa sababu ya kuhakikisha kwamba havipatikani.

Ninayasema haya kwa kuwa niliyaona yakifanyika. Katika hoteli mojawapo nilimofanya kazi, kila asubuhi tulichapa orodha ya wageni wanaotarajiwa siku hiyo, na mbele ya jina la kila mwanachama palikuwa na herufi ya ngazi yake. Meneja wa zamu alipitia orodha ile kwa kalamu, akagawa vyumba, na kabla hajaikabidhi kaunta aliingia kwenye kompyuta akavitia vyumba viwili au vitatu vyenye sebule katika hali ya matengenezo, ingawa havikuwa na kasoro yoyote. Kuanzia hapo mhudumu aliyetazama skrini yake na kumwambia mwanachama kwamba vyumba vya juu vimekwisha alikuwa anasoma alichokiona, wala hakuwa akidanganya kwa nia yake. Jioni, matumaini ya kupata mnunuzi yakishapita, vyumba vile vilirudishwa kwenye mfumo vikiwa vitupu, na asubuhi vikaamka hivyo hivyo. Usiku wa chumba ukishapita bila mtu umepotea moja kwa moja. Hauwekwi ghalani ukauzwa wiki ijayo. Mgeni mwaminifu alikosa, na mmiliki hakupata kitu.

Lilikuwepo na jambo la pili, ambalo wageni wachache wanalijua, nalo linaniuma zaidi kwa sababu halina faida kwa mtu yeyote. Hoteli nyingi huuza vyumba vya daraja la chini kupita idadi iliyopo, zikitarajia kwamba wapo watakaoghairi. Wasipoghairi, baadhi ya wageni hawana budi kupandishwa, kwa kuwa vyumba walivyolipia vimejaa. Busara ingetaka wapandishwe kwanza wenye ngazi za juu, na vyumba vya kawaida watakavyoviacha wapewe wengine. Lakini pasipokuwa na mtu aliyeipanga kazi hiyo asubuhi, mhudumu hugawa vyumba vya kawaida kwa wanaofika mapema hadi viishe, na vyumba bora huwaangukia watakaofika mwisho, hata kama ni watu ambao hawajawahi kulala kwenye hoteli hiyo wala hawakuomba lolote. Nimewahi kumwona mwanachama aliyelala nasi mara nyingi mwaka huo akikabidhiwa ufunguo wa chumba kinachotazama ukuta saa nane mchana, na usiku wa manane kijana aliyetoka safari ya kwanza akipewa chumba cha pembeni chenye vyumba viwili ndani. Hakuna aliyewadhulumu kwa makusudi. Ni kazi iliyokosa mpangaji.

Kuna pia motisha inayovuta upande mwingine. Katika hoteli nyingi mhudumu wa mapokezi hupewa sehemu ndogo ya fedha kila anapomshawishi mgeni aongeze malipo apate chumba kikubwa zaidi, na siku chache kabla ya safari mgeni huyo huyo hupata barua pepe inayomtaka anunue nafasi hiyo. Sioni ubaya wa hoteli kuuza vyumba vyake. Ndiyo biashara yao. Ila haifai chumba kilichoahidiwa kutolewa bure kwa mwanachama kiwe mikononi mwa mtu ambaye kipato chake kinaongezeka akikiuza na hakiongezeki akikitoa. Mshahara wa kaunta ni mdogo, kazi ni ya kusimama kutwa, na mhudumu anayechagua kuuza ana watoto wa kulisha. Kosa ni la waliompa kazi mbili zinazopingana na kumwacha apokee hasira za wageni peke yake.

Watetezi wa hali ilivyo husema kwamba wanachama wamekuwa wengi mno. Hapo wana sehemu ya ukweli. Mpango wa Marriott na ule wa Hilton kila mmoja una wanachama zaidi ya milioni 200, na ingawa wengi wao hawana ngazi yoyote, ngazi zenyewe zimegawiwa kwa mkono mlegevu. Nchini Marekani kadi ya malipo iitwayo Platinum, ya kampuni ya American Express, humwezesha mwenye kadi kupata ngazi ya Gold ya Hilton na ya Marriott bila kulala hata usiku mmoja. Katika hoteli iliyo karibu na kituo kikubwa cha ndege, au katika mji wenye mkutano wa kibiashara, mtu anaweza kukuta kwamba nusu ya wageni wa jioni moja wana ngazi fulani ilhali vyumba vya juu havizidi vidole vya mkono. Lakini waliouza ngazi hizo kwa benki ni kampuni za hoteli zenyewe, na fedha zake zimewaingia. Wingi wa wanachama hauwezi kuwa udhuru wa mtu aliyeusababisha na kunufaika nao. Zaidi ya hayo, wanachama wanavyozidi kuwa wengi ndivyo foleni inavyohitaji kupangwa waziwazi, ili aliyelala usiku 75 ajue kwamba yuko mbele ya aliyepata ngazi yake kwa kadi.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto, kwa sababu sehemu zake zimekwisha kufanywa. Hyatt huwapa wanachama wake wa ngazi za juu hati za kupandishwa hadi chumba chenye sebule, ambazo huthibitishwa siku ile ile ya kuweka nafasi, kwa kukaa hadi usiku saba mfululizo, iwapo chumba cha kawaida cha aina hiyo bado kinauzwa. Mtu anajua alichopata miezi kabla ya safari, anaweza kumwambia mwenzi wake aje na watoto, na akifika kaunta hana la kubishana. Hilton nayo ina mfumo unaoweza kumpandisha mwanachama saa 72 kabla ya kufika, na taarifa humjia kwenye simu. Marriott ina tuzo za kupandishwa chumba kwa usiku mmoja mmoja ambazo mwanachama huziomba, kisha hungoja jibu hadi siku chache kabla ya kufika, na zisipokubaliwa hurudishwa kwenye akaunti yake. Kwa maoni yangu utaratibu wa Hyatt ndio bora kuliko yote, kwa kuwa unamfunga mwenye hoteli mapema, wakati bado ana muda wa kupanga mauzo yake, na unamwondolea mhudumu wa kaunta mzigo ambao hakuustahili.

Lakini hata hizo ni sehemu tu. Kupandishwa kwa kawaida, kule kunakoahidiwa kila mwanachama wa ngazi ya juu kila anapolala, bado kumeachwa kaunta. Na tazama tofauti hii: Marriott imeweka fidia ya fedha kwa mwanachama wa Platinum anayenyimwa zawadi yake ya kukaribishwa, lakini aliyenyimwa chumba bora kilichokuwa kitupu hana fidia yoyote. Mtu anaweza kulipwa kwa kukosa jambo dogo na asipate hata maelezo kwa kukosa jambo kubwa lililomfanya ajiunge.

Kwa hiyo naziomba kampuni hizi, kupitia gazeti lako, zifanye mambo machache ambayo mifumo yao ya kompyuta inayaweza leo. Kila hoteli iandike katika ukurasa wake ni aina zipi za vyumba mwanachama wa kila ngazi anaweza kupandishwa, na zipi hazimo kabisa, ili mtu asitumaini jumba la ghorofa ya juu ambalo halikukusudiwa yeye. Mfumo, badala ya mtu, ugawe vyumba hivyo saa 48 kabla ya kufika kwa kufuata ngazi na idadi ya usiku aliolala mtu mwaka huo, na umjulishe kila mmoja, aliyepata na aliyekosa. Vitakavyobaki baada ya hapo hoteli iviuze kwa yeyote, hata saa sita usiku, na hakuna mwanachama atakayekuwa na neno. Mgeni wa usiku nne ambaye chumba bora kiko wazi kwa usiku mbili tu aambiwe hivyo, aamue mwenyewe kama yuko tayari kuhama katikati. Wengi watakubali kwa furaha. Na chumba kinachotiwa katika hali ya matengenezo kiwe na sababu iliyoandikwa na jina la aliyekitia, ambayo kampuni yenye jina inaweza kuikagua kutoka makao makuu bila kumtuma mtu.

Wanachama nao nawaomba waulize mapema, kwa maandishi, na waache kumfokea mhudumu wa kaunta. Mwandikie meneja wa vyumba siku mbili kabla, mtaje ngazi yako na aina ya chumba uliyoiona bado inauzwa, na umwombe akujibu kama utapandishwa au la. Jibu lililoandikwa lina uzito ambao maneno ya kaunta hayana, na malalamiko yako kwa kampuni, ikibidi kuyapeleka, yatakuwa na kitu cha kushika.

Wako,
Mhudumu wa zamani wa mapokezi ya hoteli