Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kifaa kipite kwanza mkononi mwa mkunga

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni muuguzi mkunga. Mwaka huu natimiza miaka 17 leba, mingi kati ya hiyo nikiwa zamu ya usiku katika vituo vya afya vya vijijini. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi: vifaa na mifumo ya kompyuta tunayofanyia kazi huchaguliwa bila sisi kuulizwa, na mama anayelala kwenye kitanda cha kujifungulia haulizwi kabisa.

Naomba tufanye hesabu ya saa moja. Niko peke yangu na akina mama watatu: wawili uchungu umekolea, mmoja anasukuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma, kila mara kwa dakika nzima angalau. Kwa huyo anayesukuma ni mara 12. Kwa wale wawili, nikishika nusu saa, ni mara 4. Hizo ni dakika 16. Kisha natakiwa kuweka mkono tumboni kuhesabu mikazo kwa dakika 10, kila nusu saa. Kwa wale wawili ni dakika 40. Jumla 56. Ndani ya dakika 4 zilizobaki nipime presha, nibadili glavu, nimpokee mtoto, nijaze patografu (chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu), na umeme ukikatika nitafute tochi.

Ndiyo maana patografu nyingi hujazwa alfajiri, kwa kumbukumbu, kabla ya kukabidhi zamu. Nimewahi kufanya hivyo na sioni fahari. Mkaguzi akija anakuta karatasi imejaa, anatia saini, anaondoka.

Inaniuma kwa sababu patografu yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya mkunga kama mimi. Madaktari Philpott na Castle waliitoa mwaka 1972 huko Harare, Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Salisbury, ambako wakunga wa vituo vya pembezoni walikuwa mbali na daktari. Kati ya mstari wa tahadhari, unaoonya kuwa uchungu unachelewa, na mstari wa hatua, unaotaka jambo lifanyike, waliacha nafasi ya saa 4, mama apate muda wa kufikishwa hospitali kabla mambo hayajaharibika. Umbali wa barabara umo ndani ya mchoro ule! Walianza kwa kumwangalia anayeutumia na mahali alipo. Miaka ilivyokwenda visanduku vikaongezeka, na leo wengi wetu tunaijaza kwa kumwogopa mkaguzi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, tuliletewa mashine kubwa ya kuchora mapigo ya moyo wa mtoto. Ilipokelewa kwa hotuba na picha. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma pale. Kengele yake ililia kila mama alipojigeuza, na akina mama wakaamini mtoto ameshakufa. Mmoja alianza kulia kwa sauti, na nilichukua muda mrefu kumtuliza kuliko muda niliotumia kumpima. Karatasi yake maalumu iliisha mwezi wa tatu tangu ifike na haikupatikana tena. Nilipoondoka pale ilikuwa imefunikwa shuka, juu yake yamepangwa madaftari.

Hadithi ya pili ni ya mfumo wa kompyuta ulioletwa na mradi mmoja. Haukukubali kuendelea mpaka uingize namba ya simu ya mama. Mama hana simu, njia yake imefunguka sentimita 8, na nyuma yake kuna foleni. Tulichofanya sote, bila hata kushauriana, ni kuingiza namba zetu wenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa kumkumbusha mama kliniki ukawa unaingia kwenye simu yangu. Sijui ni takwimu ngapi zilipelekwa ngazi za juu zikiwa za namna hiyo, lakini aliyetengeneza kile kisanduku angekaa nasi asubuhi moja tu angelijua tatizo kabla ya saa nne.

Mheshimiwa, njia nyingine ipo, na imepitia hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, wakunga wamefanya kazi kwa miaka na watafiti na watengenezaji wa vifaa kutoka Norway. Huko na Muhimbili kilijaribiwa kifaa kinachoitwa Moyo, kinachofungwa tumboni kwa mkanda na kusoma mapigo ya mtoto. Mama akikigusa kinasoma pia mapigo yake mwenyewe, ili mkunga asichanganye moyo wa mama na wa mtoto. Kosa hilo analijua kila aliyewahi kulifanya. Haydom ulijaribiwa pia mfuko wa kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa amechoka. Ule wa zamani hulala kando. Huu husimama wima juu ya barakoa, na mkono unaoshika barakoa unaikandamiza usoni vizuri, hewa isivuje. Ni badiliko dogo, lakini kwa mtu ambaye mikono yake imewahi kutetemeka katika ile dakika ya kwanza, ni kubwa sana.

Sitangazi biashara ya mtu. Nitasema na upande wa pili: kifaa peke yake hakitoshi. Moyo kiligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi kuliko fetoskopu, kile kikombe cha kusikilizia kwa sikio, lakini majaribio hayakuonyesha kwamba kwa hilo tu vifo vya watoto vinapungua. Matokeo yalibadilika vifaa vilipofungamanishwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2025 ilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40. Mkunga alikuwa sehemu ya kazi ile tangu mwanzo.

Ombi langu liko kwenye manunuzi. Bohari ya Dawa inapotangaza zabuni ya kifaa cha uzazi, sharti liwe kwamba kifaa kitatumika kwanza kwa wiki kadhaa katika zahanati yenye umeme wa kusuasua, usiku, na mkunga wa zamu, na kwamba mama aliyefungwa mkanda ule ataulizwa kwa Kiswahili alijisikiaje. Mkunga yule akisema kifaa hakifai, neno lake liwe na uzito wa kura katika kamati. Leo tunaitwa siku ya mafunzo, mzigo ukiwa umeshafika.

Vifaa vya msaada navyo vipite njia hiyo hiyo. Najua ni vigumu kumwambia mfadhili asubiri. Lakini kifaa kisichotumika kinachukua nafasi leba, na kinamfanya mama aamini kuna msaada ambao haupo.

Kuhusu mifumo ya kompyuta, ombi ni dogo zaidi: mtengenezaji akae leba usiku mmoja kabla hajaandika chochote, na kila kisanduku cha lazima kiwe na njia ya kupita mama asipokuwa na jibu.

Ikiwa zabuni ijayo itahitaji wakunga wa kujaribu vifaa, niko tayari kuitumia likizo yangu kwa kazi hiyo, na wenzangu wa zamu wawili wameniambia nikuandikie kwamba nao wapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mkunga, zamu ya usiku