Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kukua Kazini na Kukabidhi Kazi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka ulioishia Desemba 2024. Mahesabu yaliyokaguliwa yamo katika kabrasha la mkutano na mweka hazina atayaeleza, hivyo sitayarudia, ila nawaomba ambao ada zao hazijaingia wazilipe mapema, kwa sababu mafunzo yetu hayana chanzo kingine cha fedha. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni namna mtaalamu wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) anavyokua kazini hadi kuwa kiongozi, na sababu zinazowafanya wengi wetu wakwame njiani.

Mwaka wenyewe ulitupa mifano. Jumapili tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikazorota. Miezi miwili baadaye, Ijumaa tarehe 19 Julai, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Hakuna fundi wa hapa nyumbani ambaye angeweza kuzuia lolote kati ya hayo mawili. Hata hivyo, kamati ya mafunzo ilipowaita wanachama wasimulie siku hizo zilivyokwenda kazini kwao, tofauti ilijitokeza wazi. Palipokuwa na mpango ulioandikwa, mkuu wa kitengo aliingia kwa mkurugenzi akaeleza, kwa Kiswahili cha kawaida, ni nini kimeharibika, huduma zipi zimesimama, zipi zitaendelea kwa karatasi, na saa ngapi atarudi na taarifa nyingine. Pasipokuwa na mpango, mafundi hodari waliinamia ruta, vifaa vya kuelekeza mtandao, bila kupokea simu, na wakubwa wao wakapata habari kupitia redio. Ujuzi wa mitambo ulikuwa sawa pande zote mbili. Kilichopungua ni uongozi.

Naomba niseme na lililonipata mimi, kwa kuwa ndilo lililonifanya nilishikilie jambo hili. Mwaka niliofiwa na baba nilikuwa fundi pekee wa seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mifumo, katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Tukiwa bado matangani huko Makete, simu ililia: mfumo wa mishahara haufunguki na mwezi unakwisha. Mtandao wa simu ulishika kilimani tu, nyuma ya nyumba, kwa hiyo nilipanda huko nikiwa na shuka mabegani, nikaanza kumsomea katibu muhtasi nywila ya seva herufi kwa herufi, naye akiandika. Tulikosea mara tatu, mfumo ukajifunga, tukasubiri nusu saa, tukaanza upya, na waombolezaji wakinitazama kutoka uani. Niliporudi nilisifiwa kwa kujituma. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotokea sikupewa, na sababu niliyoelezwa ni kwamba nikiondolewa kwenye seva hapana wa kushika mahali pangu. Iliniuma sana, na hadi leo naamini mwajiri alikosea kutonipa msaidizi. Lakini ni kweli pia kwamba sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja ambao mtu mwingine angeusoma akaiendesha seva ile.

Ndugu wanachama, hali hiyo bado ipo, na nimeisikia kwa vinywa vya vijana na wazee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka, na wengi wetu hatuzimalizi kwa sababu nywila ziko kichwani mwetu, mchoro wa mtandao uko kichwani mwetu, na hata namna ya kurejesha bakapu, yaani nakala za akiba za data, tunaijua sisi peke yetu. Tunadhani huo ndio ulinzi wa ajira. Mtu wa namna hiyo hapandi cheo, kwa kuwa kumpandisha ni hasara, na hawezi kuongoza wengine, kwa kuwa hajawahi kumwachia mwenzake kazi akaifanya mpaka mwisho.

Fani nyingine zimetutangulia kwa mbali. Mhasibu kijana anaijua njia yake: mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hadi cheti cha juu cha uhasibu, CPA. Mhandisi aliyemaliza chuo anaweza kuingia katika mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akiwa na mhandisi mzoefu anayemsimamia na kutia saini kazi zake. Kwetu, aliye serikalini ana muundo wa utumishi unaompitisha kutoka Afisa TEHAMA Daraja la II hadi la I, kisha Mwandamizi na kuendelea. Aliye katika kampuni binafsi mara nyingi hana ngazi yoyote iliyoandikwa, na pengine cheo chake hubadilika tu anapohama mwajiri. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, inasajili wataalamu wa fani yetu, nami nawahimiza nyote mjisajili. Wapo wanachama wanaotaka chama kidai sheria ya kumzuia asiye na leseni kufanya kazi hii. Nashauri tusikimbilie huko. Wenzetu wa Kenya walijadili muswada wa namna hiyo kwa miaka, Bunge likaupitisha, na mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini akaurudisha bungeni. Wengi wa watengenezaji wetu bora wa programu walijifunza wenyewe kwenye vibanda vya intaneti, na leseni ingewafungia mlango kabla ya kutusaidia.

Kuhusu vyeti vya kimataifa, nasema kwa ufupi. CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao, ina uhai wa miaka mitatu, kisha huna budi kuihuisha. CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo ya habari, mbali na mtihani, inadai uzoefu wa miaka mitano, ingawa elimu inaweza kufidia sehemu yake. Ni vyeti vyema, na ada zake ni kubwa kwa mshahara wa fundi anayeanza. Msivikusanye kwa wingi kabla hamjaamua mnaelekea wapi.

Na mwelekeo si mmoja. Wapo ambao furaha yao ni kuandika msimbo au kujenga mitandao, na kumvuta mtu huyo kwenye kiti cha meneja ni kumpoteza fundi na kupata meneja asiyeipenda kazi yake. Waajiri tunaozungumza nao tunawaomba waweke ngazi mbili, ya utaalamu na ya uongozi, zenye mishahara inayolingana. Kuna pia mlango mpya ambao wachache wetu wameuona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu ziwe na afisa wa kusimamia ulinzi wake. Kazi hiyo inamtaka mtu anayejua taarifa zinahifadhiwa wapi kwenye mfumo, anayeweza kuusoma mkataba, na anayethubutu kumwambia mkurugenzi kwamba jambo fulani halifai. Tusipojiandaa, wataichukua wanasheria peke yao.

Mpango wetu wa ulezi, wa kuwaunganisha wanachama wazoefu na wale wanaoanza, haukwenda sawasawa. Waliokutana ofisini, kijana akaketi pembeni akitazama mzee wa kazi anavyoandaa bajeti au anavyoendesha kikao cha asubuhi, wanaendelea mpaka sasa. Waliotegemea simu na ujumbe waliachana baada ya wiki chache. Wanachama wanawake walitueleza pia kwamba zamu za usiku katika vyumba vya seva zinawapita kwa kukosa usafiri wa kurudi nyumbani, na zamu hizo ndizo zinazojenga jina la mtu kazini. Kamati imewaandikia waajiri husika, na sitaona kazi hii imekwisha mpaka majibu yawe ya vitendo.

Pendekezo ninaloliweka mbele ya mkutano ni kipimo cha likizo. Kila mwanachama anayeomba kupandishwa daraja ndani ya chama awasilishe kabrasha la makabidhiano, yaani maelezo yaliyoandikwa ya namna ya kuuendesha mfumo anaousimamia, kisha athibitishe kwamba alikwenda likizo ya siku 28 na kazi ikaendelea bila kupigiwa simu. Kabrasha lisomwe na mtu asiyeujua mfumo huo, ajaribu kurejesha bakapu kwa kulifuata peke yake.

Muhula wangu unamalizika leo. Kabrasha la makabidhiano la uenyekiti lipo mezani kwa katibu: orodha ya mikataba na tarehe zake za mwisho, barua ambazo bado hazijajibiwa, na bahasha iliyofungwa yenye nywila za akaunti zote za chama. Katibu msaidizi alizijaribu wiki iliyopita bila mimi kuwepo, na zote zimefunguka.