Wamekubaliana kuachana, lakini hati ya Baraza imetoka kata ya mke

Wakili, habari za kazi.

Naandika kwa niaba ya mume na mke wa hapa Dar es Salaam ambao nawasaidia kuandaa makaratasi ya talaka. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wao hawana fedha za kuweka wakili. Hawagombani. Kuhusu watoto wameshakubaliana, kuhusu nyumba wameshakubaliana, kila mmoja anapokea simu ya mwenzake. Kilichowakwamisha ni karatasi moja na swali moja, na ningependa nijibiwe hapa gazetini kwa sababu wengi wanakwama palepale.

Ndoa yao ni ya bomani, ya 2014. Mume ni Mkatoliki na mke ni Mwislamu, kwa hiyo hakuna baraza la dini linalowahusu wote wawili. Njia yao ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Walitengana kwa hiari miaka miwili iliyopita. Mke amebaki Chanika na watoto, mume amepanga Kigamboni.

Kama ujuavyo, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinazuia kufungua maombi ya talaka kabla shauri halijapita barazani na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Misamaha ipo: mwenza aliyetoroka na hajulikani alipo, aliyekataa kwa makusudi kufika barazani, aliyefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka 5, na mingine michache. Hawa hauwahusu hata mmoja. Basi wakaenda barazani Chanika, wakasikilizwa wote wawili, wakapewa hati. Ukiitazama ni hati nzuri. Majina yako kamili, tarehe ipo, saini na muhuri vipo, na kuna sentensi inayosema bila kuzunguka kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Nasisitiza sentensi hiyo kwa sababu karatasi nyingi zinazotoka barazani ni barua za utambulisho tu, za aina ya "tunawaleta wahusika kwenu kwa msaada zaidi". Barua ya namna hiyo haithibitishi kitu, na mtu huligundua hilo akiwa tayari mbele ya hakimu.

Shida ya hati hii ni mahali ilikotoka. Kifungu cha 103 kinaelekeza shauri kwenye baraza la kata anayoishi mume. Kata ya mke inashika nafasi hiyo pale mume asipokuwa mkazi wa Tanzania Bara. Siku waliyosikilizwa, mume alikuwa ameshahamia Kigamboni, ingawa kitambulisho chake na mkataba wa nyumba bado vinasema Chanika. Na saa inakimbia: hati haitakiwi kuwa na zaidi ya miezi 6 siku ya kufungua maombi, na hii imeshatimiza minne.

Wapo wanaowaambia wasihangaike, kwamba mume akikubali kila kitu hakuna atakayeuliza kata. Siwezi kuwashauri hivyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri ya talaka baada ya kuona hati ya Baraza ina kasoro, tena watu wakiwa wameshapita mahakama za chini zote. Leo hakuna anayebisha. Lakini nyumba ikipanda thamani, au mmoja akioa ama akiolewa tena, au ndugu wakiingia kati, karatasi hii ndiyo itakayofukuliwa kwanza. Mke aliyeolewa upya halafu akaambiwa talaka yake ya kwanza haikuwepo kisheria anaumia kuliko aliyecheleweshwa miezi miwili.

Swali lao ni la sababu za talaka. Sheria yetu haina talaka ya kukubaliana peke yake. Mahakama inataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kifungu cha 107 kinataja ushahidi unaoweza kupokewa: ugoni, ukatili, kutelekeza, kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3, na mengineyo. Hawa wana miaka miwili. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna wa nje. Wanaoandika maombi kwa malipo wameshamshauri mke aandike ugoni "ili iende haraka". Nimemkataza, na nitaendelea kumkataza. Ataapa kiapo cha uongo, atamchafua baba wa watoto wake kwenye kumbukumbu za mahakama, na mume aliyekuja kwa amani ataanza kujitetea. Hapo shauri lisilo na ubishi linageuka la ubishi.

Nilichoandika mimi ni ukweli wenyewe: tarehe waliyotengana, kwamba hawajaishi pamoja tangu hapo, vikao vya wazazi wa pande zote mbili vilivyoshindikana, na mashahidi wawili waliohudhuria. Nategemea maneno ya kifungu hichohicho yanayoitaka mahakama iangalie mwenendo na mazingira yote ya wanandoa.

Makubaliano nayo nimeyaandika upya. Chini ya kifungu cha 108 hakimu ana wajibu wa kuuliza mwenyewe kama mipango ya mali na watoto inafaa, kwa hiyo "nakubali" ya mume haitamaliza kazi. Rasimu yao ilisema "nyumba ya Chanika apewe mke, na baba atoe matunzo kadiri ya uwezo". Nyumba ipi? Sasa inataja mtaa, majirani wa pande nne, idadi ya vyumba, jina la mume lililopo kwenye mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri serikali ya mtaa, na kwamba mkataba halisi utakabidhiwa ndani ya siku 30 baada ya hukumu. Matunzo ni shilingi 200,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, ada za shule kando. "Kadiri ya uwezo" haikaziki, yaani mahakama haiwezi kulazimisha itekelezwe. Kaka zake mume wananung'unika kwamba jina ni la ndugu yao, lakini tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Mtoto mdogo ana miaka 6, na sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 akae na mama. Mkubwa ana 11, nimewaambia wategemee maoni yake kusikilizwa.

Watafungua Mahakama ya Mwanzo, pale Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke, mke akiwa mdai. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nakala vipo. Hukumu ikitoka wataipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, talaka isajiliwe.

Naomba unisaidie hivi. Je, hati ya Chanika inaweza kusimama kwa hoja kwamba makazi ya mume yalikuwa bado hayajahama kisheria, au waanze upya baraza la Kigamboni sasa hivi? Wakianza upya, hati ya kwanza waiambatanishe na kuieleza, au waiache? Na kwa miaka miwili ya kutengana bila kosa la mtu, umeona mahakimu wa Mahakama ya Mwanzo wakiridhika na ushahidi wa aina hii, au ni salama zaidi wasubiri itimie mitatu, ndipo waende barazani?

Msaidizi wa kisheria,
Ilala, Dar es Salaam